Gololi ya Kumi na Mbili

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mwenyewe mapema, kabla mama yangu hajapata nafasi ya kunisemea, maana yeye akilianza hulisimulia kwa mikono na miguu, na kila mwaka ujinga wangu unaongezeka kilo mbili.

Naitwa Eladio Bustos, muuza maji ya gesi. Nasambaza sifoni nyumba kwa nyumba, zile chupa nene zenye kichwa cha kubonyeza, na mgongo wangu unazijua ngazi zote za mji huu ulio kando ya Mto Paraná. Mke wangu, Nilda Ferreyra, ni mhadhiri wa saikolojia katika chuo kikuu cha umma. Tukiongozana barabarani watu hudhani nimemletea oda.

Jumanne ile, saa moja asubuhi, Nilda alikuwa amesimama jikoni, kibuyu cha yerba mate, ile chai yetu ya majani, mkono mmoja, bahasha mkono wa pili. Alivuta mrija mpaka majani yakalia, ndipo akanigeukia.

"Kibonge, nisikilize kwa masikio yote mawili."

"Moja nimeliazima redio."

"Yote mawili, nimesema. Saa mbili kamili, chumba cha mikutano, ghorofa ya pili. Kura inapigwa kwa gololi. Namba itakayotoka ndiyo mada nitakayoifundisha keshokutwa mbele ya jopo. Mpe karani barua hii, inasema wewe ni mwakilishi wangu. Sikiliza namba, iandike, tia sahihi. Basi."

"Kwa nini usiende mwenyewe?"

"Saa mbili nina darasa. Wanafunzi mia na themanini."

"Waahirishie! Kazi inayopigiwa kura ni yako."

"Na darasa ni lao," alisema, akanitilia bahasha mfukoni mwa ovaroli na kuupigapiga mfuko ule kama anayemlaza mtoto.

Mama yangu, Bi Pierina, alikuwa mezani akichovya mkate kwenye maziwa. Ana miaka themanini na moja, na halali jambo likiwa halijatolewa maoni.

"Miaka kumi na tisa anafundisha, leo ndiyo wanamuuliza kama anajua kufundisha! Mimi nimekaanga mayai miaka sitini. Mtu aje kunifanyia mtihani wa yai, namtoa na kikaango."

"Ndiyo kanuni, Mama."

"Na ile miaka sita ya kwanza, kanuni ilisemaje? Bila peso hata moja! Wakakwambia, binti, unafundisha kwa heshima. Nikaitia ile heshima sufuriani na chumvi kidogo. Haikuiva."

Nilda alicheka, akavaa koti, akaondoka na mfuko wake wa chaki. Chaki alikuwa akinunua mwenyewe, maana ya chuo ilikuwa ikiisha Machi, mwezi ule ule masomo yanapoanza.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kwetu mhadhiri anaweza kukalia kiti kwa muda, mwaka baada ya mwaka, mpaka kiti kikashika umbo lake. Halafu siku moja nafasi inatangazwa, na mlango uko wazi kwa kila mwenye shahada. Akishinda, kiti ni chake kweli. Akiwa wa pili, anakusanya chaki zake arudi nyumbani, kama vile miaka kumi na tisa ilikuwa foleni tu. Safari hii aliyeingia naye ni Daktari Iturbe, kijana aliyerudi kutoka Uhispania na udaktari, na koti lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko. Viraka hivyo, mama aliniambia baada ya kumwona, havikuziba kitu.

Nilifika saa mbili kasoro dakika kumi. Lori langu niliegesha mahali pasipoegeshwa, kwa kuwa niliambiwa ni namba moja tu, nasikiliza natoka.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, picha za wazee waliokufa ukutani, na watu saba au wanane waliovaa vizuri. Karani Cáceres alikuwa akihesabu gololi za mbao, moja kwa kila mada ya silabasi, akizitumbukiza kwenye kikapu cha waya chenye mkono wa kuzungusha. Wanafunzi wetu wamezoea: hawasemi mada ya tano, wanasema gololi ya tano. Nilitia mkono mfukoni kutoa barua.

Mzee mmoja mwenye tai, ambaye baadaye nilijua ndiye Daktari Echenique, mwenyekiti wa jopo, mgeni kutoka Buenos Aires, aliniangalia kuanzia buti mpaka kofia.

"Ah, hatimaye! Weka mbili hapa mezani, bwana, na moja kule kwa wageni. Za baridi, tafadhali."

Sentensi niliyotakiwa kuisema ilikuwa fupi. Mimi ni mwakilishi wa Profesa Ferreyra. Maneno sita. Mimi ambaye nimebishana na mbwa wa kila mtaa, nimegombana na wajane juu ya chupa tupu, nimemwambia diwani ana deni mbele ya mkewe. Lakini macho yote yalikuwa kwenye ovaroli yangu, na kifuani pameandikwa jina la kiwanda cha maji ya gesi kwa herufi za bluu. Mdomo ukafunguka, ukasema:

"Sawa, Daktari. Mara moja."

Nikashuka ngazi. Nikachagua sifoni tatu zilizo baridi kuliko zote, kwa kuwa kazi ni kazi. Niliporudi, kikapu kilikuwa kinazunguka, gololi zinagongana kama meno ya mtu mwenye homa. Karani akatoa moja, akainyanyua.

"Saba!"

Wote wakaandika. Nami nikaandika kiganjani kwa kalamu ya stakabadhi. Hapo chini honi zikaanza: lori langu lilikuwa limeziba basi, na dereva alikuwa akimtaja mama yangu kwa sauti iliyofika ghorofa ya pili. Nikaweka sifoni, nikakimbia. Sikutoa barua wala kutia sahihi, na hata maji hawakunilipa.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba asubuhi ile zilipigwa kura mbili, za nafasi mbili za masomo tofauti. Ya Nilda ilipigwa kwanza, mimi nikiwa kwenye ngazi na kreti begani. Gololi yake ilikuwa ya kumi na mbili. Hiyo saba ilikuwa ya watu wengine kabisa.

Saa saba mchana Nilda aliingia na chaki nyusini.

"Ngapi?"

"Saba," nikamwonyesha kiganja.

"Una hakika?"

"Imeandikwa kwenye ngozi, Mwalimu."

"Na walikupokea vizuri?"

Hapo kulikuwa na mlango mwingine wa kutokea, na mimi nikaufunga kwa mkono wangu.

"Kama balozi," nilisema.

Kwenye silabasi yake gololi ya saba ni michezo ya watoto. Basi kwa siku mbili nyumba yetu ikawa ya michezo ya watoto. Meza ya kulia ilijaa vitabu. Tulikula milanesa, nyama ya kukaanga, tumeshikilia sahani magotini. Nilda aliandika mpango wa somo, kurasa kumi na nne, akautoa nakala tatu, kila moja ya mwanajopo wake. Kisha akasimama mbele ya jokofu akafundisha, mama akiwa ndiye jopo, saa ya kupikia mayai mkononi.

"Mimi ni Daktari kutoka Buenos Aires," mama alisema, akikunja midomo. "Nieleze, Bibi, kwa nini mtoto anapiga kijiko sakafuni?"

"Anajifunza kwamba kuna kitu kinachotokea kwa sababu yake, Daktari. Kabla ya kijiko, mambo yanamtokea tu. Akiwa na kijiko, yeye ndiye anayeyafanya yatokee. Na mwanao je?" akangoja jibu.

"Eladio alipiga kijiko mpaka akafika miaka saba."

"Na ndiyo maana leo anapiga honi," Nilda alisema. Wakanicheka wote wawili, nami nikacheka kuliko wao, kwa kuwa bado nilikuwa sijui cha kulia.

Jumatano jioni alipanga vyeti vyake kwenye jalada. Kila kitu alichokifanya maishani lazima kiwe na karatasi, na kila karatasi iwe na muhuri. Karatasi mia mbili na kumi na nne. Cheti kimoja kilirudishwa wiki iliyotangulia. Kilikuwa cha ile miaka sita ya heshima. Karani alimwambia kwa upole kwamba fomu inataka namba ya malipo ya kila mwezi.

"Lakini sikulipwa," Nilda alimwambia.

"Ndiyo shida yenyewe, Profesa. Bila malipo hakuna namba, na bila namba mashine haikubali kwamba ulikuwapo."

Kwa hiyo miaka sita, na watu elfu moja na zaidi waliojifunza humo, haikuwapo. Niliona akikitazama cheti kile, halafu akakiweka nyuma kabisa ya jalada, hivyo hivyo bila namba.

"Hukihitaji," nilisema.

"Kinanihitaji chenyewe," alijibu.

Mama hakuweza kuvumilia. "Binti, mji huu kila mtu ana mwanasaikolojia wake. Mwokaji mikate anaye. Mwanasaikolojia mwenyewe ana mwanasaikolojia. Kaa kwenye chumba chako cha ushauri, pokea wateja wiki nzima, watu walipe, uache kuombaomba kiti."

"Wateja ninao, Mama. Jumatatu na Jumamosi."

"Basi waongeze!"

"Hao wawili-watatu ndio wanaolipia chaki. Wakiongezeka, nitapata chaki nyingi na sitakuwa na ubao."

Mama akachovya mkate. "Mkaidi," alisema. Kwa mama yangu hilo ni neno la mahaba. Baba hakuwahi kulipata.

Alhamisi tulikwenda wote watatu, kwa sababu somo la mashindano liko wazi kwa yeyote. Mama alivaa koti lake la mazishi, ndilo zuri. Mimi nilivaa shati na tai, maana niliapa sitaombwa sifoni tena.

Mlangoni pa ukumbi palibandikwa karatasi yenye majina ya wagombea na saa zao. Kwanza Iturbe, saa tatu. Pili Ferreyra, saa nne. Chini yake, kwa mashine ya chapa: Mada kwa wote wawili, gololi ya kumi na mbili. Uzee.

Nilda aliisoma. Akaisoma tena, kidole kikifuata herufi, kama watoto wa darasa la kwanza. Kisha akageuka polepole.

"Eladio."

Miaka ishirini na mbili ya ndoa mimi ni Kibonge. Jina langu nalisikia benki na kwa daktari wa meno.

"Kulikuwa na sifoni," nikaanza.

"Sifoni?"

"Walidhani nimeleta maji. Wakaniagiza. Nikashuka kuzichukua. Niliporudi ilikuwa saba, nikadhani ndiyo yako. Barua hii hapa." Nilikuwa bado nayo. Nilikuwa nimeihamisha kutoka ovaroli hadi suruali nzuri, sijui kwa nini. Labda nilitaka ije ione mwisho wake.

"Ulipeleka ngapi?"

"Tatu. Walitaka za baridi."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Nikaangalia viatu. "Niliona haya. Waliponitazama waliona muuza maji. Nami nikaona hawajakosea, kwa nini nibishe?"

Mama alikuwa amesikia yote. Akafunga vifungo vyote vya koti lake la mazishi, mpaka cha shingoni, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Naingia," nikasema. "Nawaambia kosa ni langu. Nawaomba waahirishe, hata siku moja."

"Hutaingia."

"Nilda, utapoteza kazi kwa sababu yangu!"

"Ukiingia, yule wa Buenos Aires atasema kanuni ni kanuni. Iturbe atasema pole sana, na atakuwa anamaanisha, maana si mtu mbaya. Na mimi nitasimama pale nikiwa mwanamke anayeombewa msamaha na mumewe. Kisha nitafundisha nikiwa hivyo." Aliinyoosha tai yangu, ambayo ilikuwa imepinda tangu nyumbani. "Kugombana tutagombana, tena vizuri. Jioni, baada ya kula. Sasa sina nafasi."

"Na mpango wako? Nakala tatu za watoto?"

Akampa mama. "Zikalie, Mama. Viti vya huku ndani vina baridi."

Iturbe alianza. Sitamsingizia: alifundisha vizuri. Alikuwa na picha ishirini na mbili za kuonyesha ukutani kwa taa, na mpango wa kurasa thelathini na mbili aliowagawia wanajopo, umejaladiwa. Alisoma kwa sauti nzuri, hakukosea hata jina moja, na alimaliza dakika ya arobaini kamili. Mama alisinzia kwenye picha ya tisa, lakini mama hata misa humlaza.

Katikati ya jopo aliketi Echenique. Kulia kwake alikuwa Profesa Herminia Ledesma, mwanamke mkongwe mwenye fimbo, mstaafu wa hapa hapa chuoni. Kushoto alikuwa bwana mmoja kutoka Córdoba ambaye siku nzima alitikisa kichwa tu, kwa kila kitu, hata dirisha lilipofunguliwa.

"Bi Ferreyra," Echenique aliita. Alipomwita Iturbe alisema "daktari mwenzangu".

Nilda alipanda jukwaani na mikono mitupu. Mimi nilishika kiti cha mbele yangu kama kwamba basi linafunga breki. Alichukua chaki, hakuandika kitu. Akasubiri mpaka viti vikanyamaza.

"Kuna benki kwenye pembe ya barabara ya soko," alianza, "ambako wastaafu hulipwa tarehe nne. Wanafika saa kumi na moja alfajiri. Mlango unafunguliwa saa nne. Nawaomba tukae kwenye foleni hiyo kwa dakika arobaini, tuone kinachoendelea."

Ndipo nikakumbuka, na jasho likanikauka. Gololi ya kumi na mbili ni ya mwisho kwenye silabasi. Inafikiwa Novemba. Na Novemba kwetu mishahara inachelewa, wahadhiri wanagoma, na wakigoma hawaachi kufundisha: wanatoa ubao na kiti nje, wanafundisha katikati ya barabara ili mji wote uone kinachokosa kulipwa. Kwa miaka kumi na tisa mada ya uzee mke wangu hakuwahi kuifundisha ndani ya kuta. Aliifundisha juani, kipaza sauti cha mkononi kikikatika, basi likipiga honi, mlevi akiuliza maswali mazuri kuliko ya wanafunzi. Karatasi nje hazikai. Upepo wa mtoni huzibeba. Kwa hiyo ile mada moja, kati ya zote, alikuwa ameijenga bila karatasi.

Alieleza jinsi wastaafu walivyoanza kuja kusikiliza, wakiwa njiani kutoka benki, na jinsi siku moja mzee fundi wa reli alimkatiza. Nilda alikuwa akifundisha kama vitabu vinavyosema, kwamba uzee ni kupoteza: kazi, nguvu, mwenzi. Mzee yule akanyanyua kofia, akasema: "Samahani, Mwalimu, mimi kazi sikuipoteza. Kazi ilinipoteza mimi, na haijarudi kunitafuta."

"Nilirudi nyumbani nikafuta somo langu," Nilda alisema. "Mwaka uliofuata nilisimama kwenye foleni ile kila tarehe nne, kwa miezi kumi na moja. Niliwahoji watu mia na kumi na wawili. Jarida moja lilinirudishia utafiti huo likasema foleni si maabara. Nikawaandikia kwamba ni kweli. Maabara ina viti."

Profesa Herminia aligonga fimbo sakafuni mara moja. Sikujua kama ni hasira au makofi.

Halafu Nilda akaingia kwenye somo lenyewe. Aliandika ubaoni mambo mawili tu, akayajenga kama mtu anayepanga matofali: kile watu wanachosema wazee wamekipoteza, na kile wao wenyewe wanachosema wamekipoteza. Safu ya kwanza ilikuwa ya vitabu. Ya pili ilikuwa ya foleni, kwa hesabu, wangapi kati ya wangapi. Wachache sana walitaja nguvu. Wengi kuliko wote walitaja kuulizwa. Hakuna tena anayewauliza kitu na kungoja jibu.

Akageuka kutazama viti vya nyuma. "Bi Pierina, samahani. Mara ya mwisho mtu alikuuliza jambo akangoja ujibu, ilikuwa lini?"

Mama aliruka, karatasi za michezo ya watoto zikalia chini yake. "Wewe! Jumatano, juu ya kijiko!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Echenique aligonga kalamu mezani.

"Hadhira hairuhusiwi kuzungumza."

"Ndiyo, Daktari," Nilda alisema kwa adabu, akageukia ubao, akaongeza alama moja kwenye safu ya pili. "Mzee anajibu, ananyamazishwa: huo ndio mfano wangu wa pili."

Sijui saikolojia. Najua kubeba vitu, na namjua mtu anayebeba kitu kizito akiwa hatetereki, hapumui kwa nguvu, hakuonyeshi kwamba ni kizito. Wanafunzi waliosimama mlangoni waliacha kunong'ona. Yule bwana wa Córdoba aliacha kutikisa kichwa. Iturbe mwenyewe, aliyekuwa mshindani wake, alitoa daftari akaandika. Dakika ya arobaini Nilda aliweka chaki chini na kusema asante, na mimi nilikuwa nimelia kwenye tai yangu yote, kitambaa kibaya kwa kazi hiyo.

Ripoti ya jopo ninayo nyumbani. Kurasa tatu, sahihi tatu, na inamweka Nilda Ferreyra wa kwanza kwa kauli moja. Lakini haisemi lolote juu ya yale yaliyozungumzwa kabla haijaandikwa, kwa hiyo nayaandika mimi, niliyekuwa kiti cha nne kutoka nyuma.

Echenique alivua miwani. "Bi Ferreyra, hukuwakilishwa kwenye kura."

"Nilimtuma mtu, Daktari. Hakupokelewa."

Nilijikunja kitini. Echenique alinitazama, mimi na tai yangu, na niliona kabisa akijaribu kukumbuka uso wangu na kushindwa.

"Na mpango wa somo? Kanuni inataka mgombea akabidhi mpango, nakala tatu."

"Mpango wa mada hii sina."

"Kanuni inasema mgombea aweza kukabidhi," Profesa Herminia aliingilia, akimwita Echenique kwa jina lake la kwanza. "Aweza, Leandro. Mimi ndiye niliyeiandika, mwaka ule wewe ulikuwa unasoma shahada ya kwanza."

"Iwe aweza, iwe lazima! Daktari Iturbe ametuachia kurasa thelathini na mbili. Mtu anazishika, anazipima, anazinukuu. Huyu bibi ametuachia nini? Ubao, ambao karani ataufuta sasa hivi. Nimekaa kwenye majopo tangu ujana wangu, sijaona jambo kama hili."

"Basi leo umeona," Herminia alisema.

"Sikatai kuona! Nasema kuandika!" Alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Akaichukua fomu ya ripoti, tupu, akamwonyesha Nilda kama anayemwonyesha mteja chupa iliyopasuka. "Kalamu ninayo mimi, Bi Ferreyra. Mimi ndiye ninayeandika, na mimi ndiye ninayetia sahihi. Mkononi sina hata karatasi yako moja. Hebu niambie wewe mwenyewe, hapa, mbele ya watu hawa: niandike nini?"

Nilda alipangusa chaki mikononi, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Andika ulichojifunza, Daktari. Na kama hukujifunza kitu, andika hivyo hivyo, kisha utie sahihi."